Kuchuja vifaranga kwa rangi ya manyoya: maana yake na mipaka yake

Kuchuja vifaranga kwa rangi ni kuamua, kwa kutazama rangi ya manyoya na jinsi ilivyopangika mwilini, ni kuku gani kati ya walioanguliwa watawekwa kuwa mbegu, yaani wazazi wa kizazi kijacho, na ni gani hawatapewa nafasi hiyo. Kazi hii ina pande mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Kuteua ni kumchagua yule utakayemweka. Kuchuja ni kumwondoa katika safu ya wazazi yule usiyemtaka. Kuondolewa huko si lazima kuwe kuchinjwa akiwa na umri wa siku moja. Anayechuja tui hatupi machicha, huwapa kuku. Vivyo hivyo kifaranga asiyefaa kwa rangi anaweza kulelewa hadi akawa kitoweo, akauzwa kwa jirani anayetaka mayai tu, au akabaki bandani akitaga, ila mayai yake hayawekwi chini ya koo anayeatamia. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu wapo wanaosikia neno kuchuja wakadhani ni mauaji, na wapo wanaoua kwa haraka wakadhani wamechuja.

Mfano ulio karibu na wafugaji wengi wa Tanzania ni wale kuku weusi wanaoitwa kuku wa Malawi. Jina hilo ni la nchi ambako kwa miongo mingi wamesambazwa kwa wafugaji wa vijijini. Asili yao hasa ni Australorp, kuku waliotengenezwa Australia kutokana na Orpington weusi waliotoka Uingereza. Sifa zao za rangi zinajulikana: manyoya meusi ti yanayotoa mng'ao wa kijani yakipigwa na jua, macho meusi, miguu ya kijivu iliyokoza, na nyayo nyeupe. Anayetaka kuitunza mbegu hii isichakae kwa kuchanganyika na kuku wengine wa mtaani hana budi kuchuja, na hapo ndipo makosa yanapoanza.

Siku ya 21 ya kuatamia, mfugaji mgeni wa mbegu hii humwinua koo wake na kukuta vifaranga weusi mgongoni lakini wenye tumbo jeupe lenye kumanjano, ncha za mabawa nyeupe, na pengine weupe kidogo usoni. Moyo humwenda mbio: ameuziwa mayai ya machotara. Kumbe hivyo ndivyo kifaranga wa kuku mweusi safi anavyotakiwa kuwa. Manyoya laini ya siku ya kwanza si manyoya yenyewe. Ni vazi la kupitia tu, linalodondoka kadiri manyoya ya mabawa, ya mkia na ya mwili yanavyochomoza, na kifaranga huwa amevikwa kwa kiasi kikubwa anapofikisha wiki 5 au 6. Hata vazi hilo la pili si la mwisho. Kuku hubadilisha manyoya zaidi ya mara moja kabla ya kupevuka, na unyoya mweupe mmoja au miwili kwenye bawa la faranga wa miezi miwili mara nyingi huondoka pasipo kurudi. Mfugaji aliyewaondoa wote wenye matumbo meupe siku ile ya 21 ameondoa mbegu yake iliyo bora, kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo, siku ya kwanza rangi husomwa na kuandikwa, lakini haihukumiwi. Kinachohukumiwa siku hiyo ni uzima: kitovu kilichofunga, miguu inayosimama, mdomo ulionyooka, macho yanayofunguka. Ukaguzi wa kwanza wa rangi wenye maana huja kati ya wiki ya 8 na ya 12, wakati kasoro kubwa zinaonekana bila ubishi, kama vile mabaka mekundu kifuani au nyayo za manjano kwa kuku ambaye ngozi yake inapaswa kuwa nyeupe. Ukaguzi wa mwisho ni wa miezi 5 au 6, kuku anapovaa vazi la utu uzima. Katikati ya hapo kuna gharama ya chakula na chanjo ya mdondo, na ni haki kuikumbuka, kwa maana anayesema subiri miezi sita si yeye anayenunua pumba.

Inafaa pia kujua rangi hutoka wapi. Rangi karibu zote za manyoya ya kuku hutokana na melanini, yaani chembe za rangi zinazotengenezwa mwilini, za aina mbili, moja ya weusi na nyingine ya wekundu unaoanzia hudhurungi hadi dhahabu. Weupe ni kukosekana kwa zote mbili. Jeni kadhaa, yaani vinasaba vya urithi kutoka kwa wazazi, huamua melanini ipi iwekwe wapi, kwa wingi gani, au isiwekwe kabisa. Jinsia nayo huingia humo. Kuku wa kienyeji wa Tabora aitwaye Singamagazi hueleza jambo hili vizuri: jogoo wake ana wekundu ulioiva kama moto, ilhali mtetea ana rangi ya nyuki au ya udongo. Anayemchuja mtetea huyo kwa kuwa hajawa mwekundu kama kaka yake amesahau kwamba kila jinsia ina kipimo chake.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Baadhi ya jeni hufanya kazi kwa kificho: kila kuku hupokea nakala moja ya jeni kwa baba na moja kwa mama, na akiwa na nakala moja tu ya jeni ya namna hii haonyeshi kitu, akiwa na mbili ndipo rangi hujitokeza. Mojawapo husababisha weupe. Jogoo mweusi na koo mweusi, kila mmoja akiwa ameificha nakala moja, watapata kwa wastani kifaranga 1 mweupe katika kila 4, na jirani atasema koo alitoka nje ya banda. Mfugaji humwondoa yule mweupe akidhani dosari imekwisha. Lakini katika wale 3 weusi waliobaki, wastani wa 2 wanabeba jeni ileile, na hakuna jicho linaloweza kuiona. Hesabu ya kundi zima inashangaza zaidi: katika kundi kubwa linalozaliana bila kuchaguliwa, ikiwa kifaranga 1 tu katika kila 100 huzaliwa mweupe, basi kuku wapatao 18 katika hao 100 ni weusi wanaobeba weupe huo kimyakimya. Ukichuja kwa macho tu unaiondoa nakala inayoonekana na kuziacha zote zilizojificha, na ndiyo maana dosari hiyo hurudi baada ya vizazi viwili au vitatu watu wakiwa wamekwisha kuisahau.

Njia ya kuitoa ni kuwapima wazazi wenyewe. Jogoo anayeshukiwa hupandishwa kwa koo mweupe wa jeni hiyohiyo iliyojificha, na vifaranga wao huhesabiwa. Jogoo akiwa anaibeba, kila kifaranga ana nafasi sawa ya kuwa mweupe au mwenye rangi. Wakianguliwa 7 na wote wakawa na rangi, uwezekano wa jogoo anayeibeba kupita hivyo kwa bahati tu ni 1 katika 128, na kwa banda la nyuma ya nyumba hilo linatosha. Vifaranga wa jaribio hilo hawaingii katika mbegu hata wawe weusi namna gani, kwa sababu kila mmoja amekwisha kuipokea jeni hiyo kutoka kwa mama. Ni mayai 10 hivi na subira ya wiki tatu. Kwa maoni yangu ni bei rahisi kuliko kuchuja vifaranga miaka mitano bila kumgusa baba yao.

Kuna rangi nyingine ambayo kuichuja kwa juhudi ni kujisumbua, nayo ni ile ya kijivu-buluu, maarufu kwa kuku wa Andalusia. Buluu hiyo hutokea pale kuku mweusi anapokuwa na nakala moja ya jeni inayopunguza weusi. Mwenye nakala mbili huwa na weupe uliochafuka kwa matone ya kijivu. Ukipandisha buluu kwa buluu, utapata kwa wastani mweusi 1, buluu 2 na wa matone 1 katika kila vifaranga 4, na utaendelea kupata hivyo hata wajukuu wakifuga. Wafugaji waliowatupa weusi na wa matone kizazi baada ya kizazi ili hatimaye wabaki na buluu tupu hawakufika, wala hawawezi kufika. Jambo la kuchekesha ni kwamba hao waliotupwa ndio dawa: mweusi akipandishwa na wa matone, vifaranga wote, pasipo kasoro, huwa buluu.

Upande mwingine kabisa, rangi humsaidia mfugaji kuchuja kwa jinsia siku ileile ya kuanguliwa. Kwa kuku, kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, ndizo zinazoamua jinsia: dume ana mbili za Z na jike ana Z moja na W moja, na jeni ya milia, kama ya kuku wa mbegu ya Plymouth Rock wa milia, hukaa kwenye Z. Koo wa milia, kwa hiyo, humrithisha milia yake mwanawe wa kiume peke yake. Akipandishwa na jogoo asiye na milia, kwa mfano yule mwekundu wa mbegu ya Rhode Island Red, vifaranga wa kiume huanguliwa weusi wakiwa na doa jeupe utosini, na wa kike hukosa doa hilo. Ukigeuza wazazi, yaani jogoo wa milia kwa koo mwekundu, wote huwa na doa na mtego umefyatuka bure. Mwanasayansi wa Uingereza, Reginald Punnett, alipendekeza kutumia urithi wa namna hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili chakula kisipotee kwa kulisha majogoo yasiyohitajika, na katika miaka ya 1920 yeye na Michael Pease walitengeneza huko Cambridge mbegu iitwayo Cambar, ambayo vifaranga wake wa kike na wa kiume hutambulika kwa rangi hata wazazi wakiwa wa mbegu hiyohiyo. Kuchuja kwa namna hii hakutafuti rangi nzuri. Rangi ni alama tu ya kitu kingine.

Je, rangi ina uzito gani ikilinganishwa na sifa nyingine? Soko lina majibu yake. Wapo wanaotaka mweusi mtupu au mweupe mtupu kwa maagizo ya mganga, na bei ya kuku huyo hupanda. Wapo wanaokwepa vifaranga weupe kwa hofu kwamba mwewe huwaona haraka uwanjani. Lakini Australorp hao tunaowazungumzia walipata sifa duniani kwa utagaji, si kwa weusi wao. Mnamo 1922 na 1923, koo 6 wa mbegu hii walitaga mayai 1,857 katika siku 365, wastani wa mayai 309 na ushee kwa kila mmoja. Anayemwondoa mtetea hodari kwa sababu ya unyoya mmoja mweupe, akamwacha dada yake mweusi asiyetaga, atabaki na jina la mbegu bila faida yake. Mimi huweka rangi iwe chujio la mwisho: kwanza uzima, kisha ukuaji, kisha utagaji wa mama, ndipo rangi iamue kati ya waliolingana.

Idadi nayo huweka mpaka. Kati ya vifaranga 30 walioanguliwa nyumbani, nusu hivi ni majike; ugonjwa na kunguru wakichukua 3, umebaki na 12. Ukichuja kwa rangi kwa ukali hadi ukabaki na 2, utawapandisha kwa kaka yao au baba yao kwa kukosa wengine, na baada ya vizazi vichache mayai yatakuwa hayaanguliwi vizuri na vifaranga watakuwa dhaifu, ingawa weusi wao utapendeza macho. Mwenye kundi dogo afadhali avumilie dosari ndogo ya rangi kwa mitetea, awe mkali kwa jogoo, kwa kuwa jogoo mmoja huweka alama yake kwa kila kifaranga.

Ukali huo kwa jogoo una saa yake. Pora anapokaribia miezi 6, mshike asubuhi jua likiwa bado la upande, umgeuzie mgongo kwenye mwanga na kuyafunua manyoya marefu ya shingoni kwa kidole gumba. Kijani kinachong'aa ni dalili njema. Ukiona nyuzi nyembamba za hudhurungi au nyekundu kingoni mwa manyoya hayo, huo ni wekundu uliojificha chini ya weusi, ambao hukuweza kuuona alipokuwa kifaranga, na nafasi yake ni tenga la kwenda sokoni. Kabla ya kumfunga miguu, soma rangi ya uzi uliomfunga mguuni siku aliyoanguliwa ili kuwatambua wazazi wake, kisha watafute bandani dada zake wenye uzi huohuo. Manyoya ya mitetea huuficha wekundu huo vizuri zaidi kuliko ya majogoo.