Mbolea haiongezi ubora wa protini ya mahindi

Kuanzia Kitale hadi Kisumu husemwa kwamba mahindi yana lisini (kijenzi cha protini ambacho mwili wetu hukipata kwa chakula tu) kidogo kwa sababu mmea hauwezi kuitengeneza, na kwamba ukiongeza CAN, mbolea ya naitrojeni, protini itakuwa bora. Yote mawili si kweli.

Mmea huitengeneza wenyewe, ndani ya plastidi (vyumba vidogo vya seli ya mmea), kutokana na aspatati, kijenzi kingine cha protini. Kimeng'enya aspatati kinasi huanzisha njia, kisha dihaidrodipikolineti sinthasi huelekeza mkondo kwenye lisini. Lisini ikijaa hukizuia kimeng'enya hicho cha pili, kama boya la tangi linavyofunga maji. Ndani ya punje, kimeng'enya kingine huivunja ile inayozidi.

Tatizo kubwa zaidi ni zeini, protini kuu ya sehemu ya wanga ya punje. Karibu haina lisini kabisa, na naitrojeni ikiongezwa ndiyo hasa inayoongezeka. Kwa hiyo protini hupanda kwa gramu, huku sehemu yake iliyo lisini ikishuka. (Kwa mavuno, CAN bado ina kazi yake.)

Kinachobadilisha ubora ni jeni. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kuwa badiliko liitwalo opaque-2 hupunguza zeini, na lisini hukaribia kuwa maradufu. Lakini jeni hilo ni fiche: chavua ya mahindi ya kawaida ikivuka kutoka shamba la jirani, punje iliyochavushwa nayo hurudi kuwa ya kawaida. Asiye na mbegu yenye opaque-2 apike nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe. Maharagwe yana lisini ya kutosha kufidia.