Mgomo bandarini: dhana potofu kuhusu kontena lililokwama

Tarehe 1 Oktoba 2024 makuli wa ILA, chama cha wafanyakazi wa bandarini, waligoma katika bandari 36 za Marekani, kuanzia Maine hadi Texas. Pwani yote hiyo haikuwa imegoma kwa pamoja tangu 1977. Kazi ilirejea baada ya siku tatu.

Dhana: Mgomo wa siku tatu unachelewesha mzigo siku tatu.

Meli huendelea kufika hata makuli wakikaa nyumbani. Kabla mgomo haujaisha, zaidi ya 40 zilikuwa zimetia nanga nje ya bandari hizo. Geti likifunguliwa, malori yanafurika kuchukua mizigo wakati kreni zinateremsha mingine kwenye yadi ileile iliyojaa. Kontena lako likiwa chini kabisa kwenye rundo, ya juu yahamishwe kwanza, na kila kuhamisha ni muda wa mashine. Wachambuzi walikadiria siku nne hadi sita za kusafisha msongamano kwa kila siku ya mgomo. Wanaosafirisha magari na bidhaa kutoka huko kwenda Mombasa au Dar es Salaam wana hatari ya ziada: kontena likikosa meli yake ya kwanza, linaweza kukosa pia ya kuunganisha.

Dhana: Bima italipa.

Hapa ndipo watu wanaumia zaidi. Bima ya kawaida ya shehena haifidii hasara inayotokana na kuchelewa. Hata kifungu cha migomo, ambacho huongezwa kwa malipo ya ziada, kinafidia mali iliyoharibiwa na wagomaji wenyewe. Ndizi zikiiva na kuoza kwa kusubiri meli, hasara ni ya mwenye mzigo.

Dhana: Wakati wa mgomo hakuna demareji, yaani tozo ya kontena kukaa bandarini kupita muda.

Usichukulie hivyo. Soma mkataba wako, kisha siku ileile geti linapofungwa mwandikie wakala wa meli ukitaja namba ya kontena na uambatanishe tangazo la kufungwa. Tozo isiyo ya haki Marekani hulalamikiwa FMC, tume ya serikali inayosimamia usafiri wa meli, na huko ushahidi ndio unaohesabika.

Dhana: Karatasi za chooni zitaisha.

Nyingi zinatengenezwa humohumo Marekani. Rafu zilimalizwa na wanunuzi wenye hofu.

Dhana: Mgomo huja ghafla.

Mkataba wa ILA ulijulikana kuwa unaisha 30 Septemba. Makubaliano ya awali ya nyongeza ya mshahara ya asilimia 62 kwa miaka sita yaliwarudisha kazini, lakini suala la mitambo ya kujiendesha likaachwa hadi 15 Januari 2025. Mwenye mzigo aliyeitazama tarehe hiyo alipata miezi mitatu ya kusafirisha mapema.