Samaki wa mwamba mmoja si lazima wapatane kwenye tangi moja

Wafugaji wengi wa samaki wa maji chumvi hapa Dar hudhani kwamba samaki wanaoonekana pamoja kwenye matumbawe ya visiwa vya Mbudya au Bongoyo wataishi kwa amani wakitiwa kwenye tangi moja, mradi tangi liwe kubwa. Si kweli. Baharini, anayefukuzwa ana pa kukimbilia. Kwenye tangi, hata la lita 1000, akifika kwenye kioo ndio mwisho wa mbio.

Mwangalie samaki aitwaye kangaja. Pembeni mwa shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe, na akimwona mgeni anayefanana naye kwa umbo au kwa chakula, humgeuzia ubavu na kumpiga mkia. Mgeni hubanwa kona, mapezi yakachanika, akaacha kula. Kwa hiyo uliza kwanza: nani anagombea mwani uleule na pango lilelile? Wapole watangulie, mkorofi aingie mwisho, wenyeji wakiwa wameshapata maficho.

Chewa hana ugomvi mkubwa, ila chochote kinachoenea mdomoni mwake ni chakula, na huyo mdogo unayemnunua leo atakua. Kikande hutafuna kamba na kaa. Samaki vipepeo wengi hudonoa matumbawe hai. Uzuri wao usikudanganye.

Na tafadhali, usiende kuvua mwenyewe Mbudya wala Bongoyo. Hayo ni maeneo tengefu ya bahari, yaani yanayohifadhiwa kisheria, tangu 1975.