Rivyu za albamu mpya za indie: dhana potofu na ukweli wake

Siku hizi albamu inatoka Ijumaa na kabla ya jioni watu washabandika maksi, 6 kwa 10, imeisha hiyo, na kuanzia hapo tunabishania namba badala ya muziki. Kwa bendi za indie, yaani zile zinazotoa muziki nje ya kampuni kubwa za rekodi, hii inauma sana maana nyingi hazina hela ya matangazo wala redio haziwapigi, rivyu ndo mlango wao.

Dhana: maksi zikishatoka hiyo ndo hukumu

Hapana jamani. Chukueni Pinkerton, albamu ya bendi ya Weezer, 1996. Albamu yao ya kwanza ya 1994 ilikuwa imeuza sana, watu wakasubiri nyimbo tamu kama zile, wakakuta magitaa yanakwaruza na mtu mpweke anajianika mpaka unamwonea aibu. Wasomaji wa Rolling Stone, gazeti la muziki la Marekani, wakaipigia kura miongoni mwa albamu mbovu za mwaka ule, halafu 2004 gazeti lilelile likaipa nyota tano! Muziki haukuguswa hata noti moja, masikio ndo yaliyobadilika.

Na mwimbaji Liz Phair je? 2003 Pitchfork, tovuti ya rivyu za muziki inayotoa maksi kwa 10, waliipa albamu yake 0.0, yaani sifuri kabisa, kisa kaingia kwenye pop. Aliyeiandika ile rivyu akaja kumwomba radhi hadharani 2019, na 2021 Pitchfork wenyewe wakaipandisha mpaka 6.0. Mimi naona sifuri ile ilikuwa hasira ya watu waliomtaka Liz yuleyule wa albamu yake Exile in Guyville ya 1993, wala haikuwa hesabu ya walichokisikia. Kwahiyo ukiandika rivyu anza na kilichopo, ngoma zimerekodiwaje, mwimbaji anafanya nini na sauti yake, nyimbo zimepangwaje, ulichokuwa unakitegemea kije baadaye sana.

Dhana: lebo kubwa (kampuni ya rekodi) ikiikataa albamu basi ni mbovu

Bendi ya Wilco walipeleka albamu yao Yankee Hotel Foxtrot kwa lebo ya Reprise mwaka 2001, ikakataliwa, wakaondoka nayo wakaiweka kwenye tovuti yao watu wasikilize bure. 2002 ikatolewa na lebo nyingine, Nonesuch, na hapa ndo pa kushangaza, Nonesuch na Reprise zote zilikuwa chini ya Warner, yaani kampuni moja iliilipia albamu ileile mara mbili. Pitchfork wakaipa 10.0.

Dhana: indie ni aina fulani ya gitaa

Asili yake ni nani anaitoa rekodi, lebo huru kama Rough Trade ya London au Sub Pop ya Seattle. Nirvana walitoa Bleach kwa Sub Pop 1989, hiyo ni indie, ila Nevermind ya 1991 ilitoka DGC ya Geffen, lebo kubwa, kwahiyo hiyo si indie. Bendi ya Arcade Fire wao wamejaza vinanda na akodiani, na albamu yao The Suburbs ikabeba tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, kwenye tuzo za 2011, ikiwa Marekani imetolewa na Merge, lebo huru ya North Carolina.

Dhana: kusikiliza mara moja inatosha

Jaribu na Loveless, albamu ya bendi ya My Bloody Valentine, 1991. Sauti za waimbaji zimezamishwa ndani ya magitaa, mara ya kwanza unasikia mvumo tu, melodi zinaanza kujitokeza ukiirudia tena na tena, tena kwa hedifoni nzuri. Kama umeisikiliza mara moja tu basi iandike wazi kwenye rivyu, msomaji ajue anasoma nini.