Skolashipu ya nusu si nusu, jamani

Imekuja tena. Mtu kanitumia barua ya chuo usiku usiku, peji mbili, chini yake kaandika "Alhamdulillah nimepata 50%, imebaki nusu tu, hiyo tunachangishana." Nusu ya nini lakini? Kila msimu wa admisheni nauliza hivi na kila msimu naonekana mtu wa husda, ati sipendi watoto wa watu wasome. Basi leo naandika mara moja niwe natuma linki, maana nimechoka kurikodi voisi noti.

Kazi yangu ni kuwapangia watu hela za masta za kikazi, MBA (biashara), MPH (afya ya jamii), LLM (sheria) na mfano wa hizo, wateja wangu ni wa Unguja na Pemba, manesi, mawakili, wahasibu, watu wa wizarani na wa mahotelini. Wengi wao wana akili kunishinda, ila wakiona neno skolashipu kwenye barua hesabu inaruka dirishani.

Hebu tupige. Ada naitunga mie, zilizobaki ni nambari za serikali ya Uingereza yenyewe. Tuseme MPH ya mwaka mmoja nje ya London, ada pauni 24,000. Chuo kimekupa asilimia 50, unadaiwa 12,000. Hapa ndipo kila mtu anaposimama, anapiga simu nyumbani, kuku anachinjwa. Sasa endelea. Viza inataka uoneshe hela ya kuishi, nje ya London pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, hiyo 10,539 (London kwenyewe ni 1,529 kwa mwezi, piga utapata 13,761). Halafu kuna tozo ya afya ya wahamiaji, 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kwa kuwa viza ya masta ya mwaka mmoja huwa inatoka na miezi ya ziada mwishoni unajikuta unalipia mwaka na nusu, 1,164, na hii unailipa yote mwanzo, hakuna kudunduliza. Jumlisha: 12,000 na 10,539 na 1,164 ni 23,703.

Ada nzima ilikuwa 24,000.

Yaani hiyo "nusu iliyobaki" ni sawa na ada yote kasoro pauni 297, na bado hujalipa viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu Dar, boti kwenda na kurudi, tiketi ya ndege, na koti. Na ile miezi tisa ni ya watu wa viza tu, masta yenyewe ni miezi kumi na mbili, mwenye nyumba kule hatokwambia kaa bure miezi mitatu kwa sababu afisa wa viza hakuihesabu.

Mtu akishaona hivyo anarudi kwangu na hoja ya pili, "lakini si wamenipunguzia 12,000?" Wamekupunguzia kutoka bei gani? Vyuo vingi kule vina bei ya ukutani kwa wanafunzi wa kutoka nje na kila mwenye alama za kutosha anapewa punguzo bila hata kuomba, hakuna aliyeshindana na mtu. Ni muuza kanga wa Darajani huyo, anakutajia bei mara mbili halafu anakupunguzia kwa uso wa huruma, unatoka dukani unajiona mjanja. Mie siangalii asilimia kabisa. Naangalia kitu kimoja, ukishatoa kila walichokupa inabaki ngapi, kwa sarafu ya huko, na inatakiwa tarehe ngapi. Chuo cha 24,000 chenye skolashipu ya nusu na chuo cha 13,000 kisichokupa kitu ni karibu kitu kimoja, ila cha kwanza wanakipigia vigelegele na cha pili wanasema "hawa hawajanipa chochote".

Sasa tuje kwenye kinachoniumiza kichwa khasa, michango.

Ukoo wetu unachangia vizuri, sina neno. Grupu la WhatsApp linafunguliwa, shangazi katoa, ami aliyeko Muscat kaahidi kikubwa, mama katia pesa ya kijumbe. Shida ni kwamba viza ya Uingereza haiangalii ahadi, inaangalia akaunti. Hela yote, kilichobaki cha ada pamoja na ya kuishi, inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapopeleka maombi. Hata siku moja maana yake hata siku moja. Ukichomoa laki mbili siku ya 19 ukampa mtu wa mafundi ukarudisha kesho yake, umeanza upya.

Na akaunti ya nani? Yako, au ya mzazi wako au mlezi wa kisheria, na ukitumia ya mzazi unaambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kuridhia. Ami si mzazi. Najua kwetu ami ni baba, kakulea, kakusomesha skuli, kakuozesha na mke, lakini yule afisa hamjui ami, na stetimenti ya ami ya Muscat yenye mapesa kibao haina kazi. Ami anatakiwa azihamishe ziingie kwako ndio siku zianze kuhesabiwa. Hapa nishapata kesi nyingi za watu kushtuka mwezi wa nane na masomo yanaanza Septemba. Kuna binti wa Wete alikuja na babaake, mzee kakaa na kofia yake mapajani, akanambia "maalim, pesa ipo, iko kwa mdogo wangu, ni kama iko kwangu." Nikamwambia baba, mie nakuamini, niamini na wewe, kwa watu wa viza haipo. Akanyamaza, akatoa simu ya vitufe akampigia ndugu yake pale pale kwa spika, "hamisha leo." Angekuja wiki mbili baadae tungekuwa tunazungumza mengine.

Halafu kuna mchezo wa kukodi hela, mtu anamwekea rafiki mamilioni kwa siku 28 kisha anachukua chake na kidogo juu. Sitaki kesi hizo ofisini. Tena wacha uongo wenyewe, fikiria unafika Leeds mwezi wa kumi baridi imeanza na hela uliyoonesha kuwa utaishi nayo imesharudi kwa mwenyewe Malindi. Utakula nini? "Ntafanya kazi." Saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kwa masta kipindi cha kiangazi cha kuandika tasnifu nacho kinahesabiwa masomo, kwa hiyo usipige hesabu ya kufanya kazi mfululizo Juni mpaka Agosti. Na ukitegemea kwenda na mke na watoto, tangu Januari 2024 masta za kufundishwa darasani haziruhusu wategemezi.

Mengine haraka haraka maana yananipotezea muda. FAFSA, ile fomu ya msaada wa masomo ya serikali ya Marekani, ni ya raia wao na wachache wanaofanana nao kisheria, wewe wa Mkoani, Pemba, huhusiki, acha kujaza. Ujerumani "bure": vyuo vingi vya umma kweli havitozi ada, lakini Baden-Württemberg wanatoza wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa semista, MBA nyingi zinalipiwa popote pale, na akaunti ya kufungiwa inataka euro 11,904 kabla ya viza. Ila hiyo angalau ni hela yako, wanakuachia 992 kila mwezi unakula, haiendi kwa chuo. Na reti: mwanzo wa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na kidogo, katikati ya 2024 ishapita 2,600. Kwa dola 10,000 hiyo ni karibu shilingi milioni 3 zimeongezeka bila chuo kupandisha hata senti. Bajeti ya shilingi bila akiba ya reti si bajeti.

Kwa nini lakini watu wanaishia na hizi nusu? Kwa sababu wanaanza kutafuta mwezi wa tatu kwa masomo ya Septemba. Wakati huo zile za kulipiwa kila kitu zimeshafungwa zamani, zilizobaki ni punguzo. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hufunguliwa karibu na Agosti na kufungwa kabla mwaka haujesha, kwa masomo ya mwaka unaofuata, yaani ni mwaka mzima kabla. Commonwealth, ile ya Jumuiya ya Madola, nayo hivyo hivyo. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inalipa ada na inakupa euro 1,400 kwa mwezi, na kozi zake nyingi hufunga maombi kati ya vuli na mwanzo wa mwaka. Na watu wanajiengua wenyewe. Chevening inataka saa 2,800 za kazi, mtu anasema mie sijaajiriwa miaka miwili sawasawa, wakati kazi ya kujitolea na ya muda nazo zinahesabika, ile miezi uliyojitolea hospitali ya Mnazi Mmoja andika, ile NGO ya Chake andika. Masharti yake soma vizuri, unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, na kwa MBA kuna kikomo cha ada wanachochangia, kinachozidi unajaza mwenyewe, na MBA za London zipo za zaidi ya pauni 100,000, sasa jaza.

Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar inakopesha mpaka masta, lakini fani za kipaumbele soma kwenye tangazo la mwaka huo, usisome la mwaka juzi alilokutumia binamu. Na kama digrii ya kwanza ulikopa HESLB, bodi ya mikopo ya bara, ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaendelea kukatwa, itie kwenye hesabu. Mtumishi wa serikali pata ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kulipa depoziti, uulize kama ni kwa mshahara au bila, maana ule mkopo wa benki uliojengea nyumba Fuoni hauendi likizo ya masomo.

La riba naulizwa kila siku. Mie si shekhe. Ninachosema ni kwamba mtu asiyetaka mkopo wa riba hilo ni sharti la bajeti kama masharti mengine, tunapanga ndani yake. Kilichobaki mara nyingi ni kukopa kwenye familia bila riba, na hapo ndipo naposhangaa, riba tunaikumbuka sote, lakini aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote ndani ya msahafu, inayotwambia deni liandikwe na mashahidi wawepo, hiyo hatuikumbuki. "Aah, ni ndugu." Ndugu ndio waandike! Nimeona kaka na dada hawasemezani kwa masta ya mtu aliyesharudi na ana kazi nzuri, kwa sababu mmoja alitoa mkopo na mwengine alipokea mchango.

Sasa niseme nisichokiona kwenye vitabu vya mipango ya fedha. Mzee anataka kuuza shamba la mikarafuu ili mwanawe akasome LLM. Kitabu kitasema linganisha mshahara kabla na baada. Sawa, lakini nesi wa MPH akirudi wizarani mshahara unapanda kidogo sana kuliko pauni alizotumia, kwa hesabu hiyo hakuna wa kusoma, na bado nawaona waliosoma wakapata kazi za mashirika ambazo bila ile shahada wasingeitwa hata usaili. Na nawaona waliorudi na deni na kiti kile kile. Siwezi kutofautisha mapema nani atakuwa yupi, na ninaposema "uza" au "usiuze" huwa silali vizuri. Ninachojua, mkarafuu hauzai kila mwaka sawa na invoisi ya chuo haijali msimu, na ukishauza shamba hulipati tena kwa bei ile. Kwa hiyo mie huegemea kwenye kungoja mwaka mmoja na kuomba za kulipiwa zote, au masta ya jioni hapa hapa, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au bara, unalipa kwa shilingi na mshahara unaendelea kuingia. Wengine wananiona mwoga. Inawezekana.

Ila kabla hujaikataa ofa, andika barua pepe uwaombe waongeze. Hili watu wetu hawalifanyi, wanaona ni kuombaomba. Si kuombaomba, ofisi ile ina bajeti na wengine wanakataa nafasi zao, hela inarudi. Waambie umepata ofa nyengine, taja kiasi halisi unachokosa, taja tarehe. Mara nyingi watasema hapana, mara chache wataongeza elfu mbili tatu za pauni, na barua haina gharama. Uliza pia kwa maandishi kama ukiahirisha mwaka skolashipu inabaki, kwa sababu aghlabu haibaki, na kama viza ikikataliwa depoziti inarudi.

Wanaokuja kuniona mwezi huu: njooni na barua yote ya chuo, si skrinshoti ya peji yenye neno hongera, na stetimenti ya miezi mitatu. Ami akiweza nae aje, au awe hewani. Ijumaa nafunga saa tano.