Maji ya kisima yenye chumvi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Uganda haina bahari. Chumvi inatoka wapi?
Pwani, maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Visima vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupanda. Kwetu chumvi hutoka kwenye miamba na mabonde ambayo maji yake hayana pa kutokea, kama Katwe, Kasese, ambako chumvi huchimbwa ziwani.

Nikiyachemsha yanakuwa salama?
Kuchemsha huua vijidudu. Chumvi haiondoki. Chemsha lita 10 zibaki 9: chumvi ya lita 10 yote imo ndani ya zile 9.

Na nikichemsha kwa muda mrefu zaidi?
Yatazidi kuwa na chumvi. Tafadhali, acheni. Klorini nayo haiondoi chumvi, wala kitambaa cha kuchujia.

Chumvi ya maji inadhuru kweli?
Mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chakula na maji pamoja. Maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita, ukinywa lita 3, yamekupa gramu 3 kabla hujaonja mchuzi. Mwenye presha hawezi kumudu hilo, hata akimeza dawa zake vizuri.

Mimi ni mjamzito, kichwa kinauma sana. Nipumzike kwanza?
Usipumzike, nenda kituo cha afya leo. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba huweza kuwa presha ya ujauzito: presha ipimwe na mkojo upimwe siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki. Usingoje mume arudi.

Mtoto anaharisha. Nichanganye ORS (unga wa kurudisha maji mwilini) na maji ya kisima yenye chumvi, mradi nimeyachemsha?
Hapana! Pakiti tayari ina chumvi iliyopimwa kwa lita 1 ya maji yasiyo na chumvi. Tumia maji ya mvua, yaliyochemshwa yakapoa. Kama hayapo, endelea kumnyonyesha mkiwa njiani kuja kituoni.

Nitajuaje kisima chetu kimeharibika?
Ulimi huzoea, usiutegemee. Kamati ya kisima iombe ofisi ya maji ya wilaya ipime, kiangazi na wakati wa mvua. Kwanza pampu ivute maji yaliyolala bombani. Andikeni namba za kipimo cha chumvi daftarini. Zikipanda kila kiangazi, punguzeni kuvuta, na maji hayo yabaki ya kufulia. Ya kunywa kingeni kwenye mabati, mkimwaga yale ya mwanzo yanayoosha paa.