Maziwa hayaondoi kaboni monoksidi

Wiki hii tena. Naingia godauni, jenereta ya petroli inanguruma humohumo ndani kwa kuwa "nje wataiba", na msimamizi ananionyesha kwa fahari katoni la maziwa. "Afisa, vijana wangu nawajali. Kila mmoja nusu lita, ya kuondoa sumu ya moshi."

Maziwa yanashuka tumboni. Kaboni monoksidi, gesi iliyo kwenye moshi wa jenereta, inapita mapafuni, inaingia damuni na kuing'ang'ania hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watakutana wapi? Inatoka kwa kupumua hewa safi, tena polepole: iliyomo damuni hupungua nusu kwa saa nne hadi sita hivi. Kwa oksijeni tupu hospitalini, saa moja na ushee. Nilipomaliza kueleza, akauliza kama mtindi ungekuwa na nguvu zaidi.

Barakoa pia sahauni, hata ile yenye kichujio cha mkaa. Na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma asilimia 98 huku mtu anazimia, maana hakitofautishi kama damu imebeba oksijeni au gesi hii. Toeni injini nje, mbali na madirisha, mwifungie kwenye kizimba cha nondo. Mwizi tumemmaliza.

Kinachonichefua zaidi ni neno "wastani". OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inaruhusu 50 ppm (sehemu 50 za gesi katika sehemu milioni za hewa) kwa wastani wa saa nane. NIOSH, taasisi ya huko ya utafiti wa usalama kazini, inapendekeza 35, na juu yake inaweka 200 kama dari isiyovukwa hata kidogo. Watu wanaiokota namba ya kwanza, dari wanaiacha. Godauni likikaa saa saba bila gesi, kisha saa moja likafika 240, wastani ni 30. Makaratasi safi kabisa! Na ile saa moja ndiyo kijana alilalamika kichwa, akaambiwa hajala. Kwa hiyo msinipe jumla ya siku. Nipeni mchoro wa kipima gesi dakika kwa dakika, kikiwa kimevaliwa kifuani, si kimetundikwa ofisini.

Hapo kuna jambo linaloninyima usingizi. Walinzi na wapakiaji wengi hufanya saa 12, na viwango hivyo ni vya saa nane. Mimi hukigawa kiwango kwa mbili. Wenzangu husema nimezidi ukali, kwa kuwa gesi hii hufikia kikomo chake damuni na haiendelei kupanda vilevile. Kwa hesabu huenda wako sahihi. Bado nagawa.